Mkanda wa Tumbo

Mjomba wangu ni fundi wa kuchomelea vyuma Rumonge. Kazi yake kubwa si magari. Watu humletea mashine za kukamulia mawese, baiskeli zilizopinda kwa kubebeshwa bidoni, milango ya maduka, na vyuma vya kushikia taa katika mitumbwi inayotoka usiku kuvua ndagala. Mimi ni mtoto wa dada yake. Tangu shule ya msingi likizo zangu nimezimaliza katika karakana yake, nikishika chuma upande wa pili na kugeuza uso cheche zinaporuka. Nilipokwenda Bujumbura kusoma Kiswahili chuoni, hakunicheka kama walivyonicheka wengine. Alisema, "Vizuri. Karatasi za mashine zinatufikia kwa Kifaransa na Kiingereza. Wewe utanisomea."

Insha hii inahusu karatasi moja niliyomsomea.

Ilikuwa likizo ya mwisho wa mwaka wangu wa pili. Alikuja kijana mmoja mfanyabiashara wa mawese, rika la kaka yangu mkubwa, na Subaru Impreza ya zamani iliyowahi kushindana katika mbio za magari. Nyuma ya viti vya mbele palikuwa na upinde wa bomba nene, umeinuka kutoka sakafuni upande mmoja, ukapita chini ya paa, ukashuka upande wa pili, na miguu miwili ikiushikilia kwa nyuma. Kazi ya upinde huo ni kuzuia paa lisimponde dereva gari likipinduka. Mikanda ya zamani ilikuwa imeng'olewa. Kijana alitaka siku moja kushiriki mashindano ya nchi jirani, kama Rwanda Mountain Gorilla Rally, na alikuwa amenunua mikanda mipya ya mbio, seti mbili, kila moja na kamba mbili za mabegani na mbili za chini, zote nne zikikutana kwenye kifungio kimoja mbele ya mwili.

"Fundi," alimwambia mjomba baada ya salamu, "hii naitaka leo. Hizi za mabegani toboa tu sakafu nyuma ya kiti, uzifunge hapo. Nimeona wengine wamefanya hivyo."

Mjomba hakumjibu. Aliniita, akaniambia nikae kwenye kigoda. Alichukua kamba ya kufungia mizigo, akaipitisha juu ya mabega yangu yote mawili, akachuchumaa nyuma yangu na kuivuta kuelekea chini. Niliinama kidogo mbele, kama mtu anayerushwa gari linapogonga, na papo hapo nikahisi mabega yanashuka na mgongo unabanwa, mfupa juu ya mfupa. Kisha akasimama, akavuta tena, safari hii kwa nyuma, karibu sawa na urefu wa mabega yangu. Kifua kilizuiliwa na mgongo haukubanwa.

"Umeona?" alimwuliza mteja. "Kamba ikishuka sakafuni, gari likigonga, haitamvuta mtu nyuma tu. Itamshindilia chini. Itamvunja uti wa mgongo yeye aliyefunga mkanda ili apone."

Ndipo nilipofungua karatasi iliyokuja na mikanda. Ilikuwa kurasa nne za Kifaransa zenye michoro. Ilisema yaleyale, tena kwa vipimo, ikifuata kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Magari, FIA: kamba za mabegani zielekee nyuma, zikishuka kwa nyuzi kati ya 10 na 45 kutoka ukingo wa juu wa kiti, na inayopendekezwa ni nyuzi 10. Mjomba aliposikia alicheka. Hakuwa amesoma popote. Ni mtu ambaye kwa miaka mingi amewatazama wavuvi wakivuta nyavu ufukweni, na anajua kwamba kamba huvuta kuelekea pale ilipofungwa, si pale unapotaka wewe.

Lakini upinde wa gari lile haukuwa na bomba la kukata katikati kwenye urefu wa mabega, na bila bomba hilo kamba hazikuwa na pa kufungwa. Karakana ilikuwa na mabomba ya maji, mengi. Mteja aliyaonyesha kwa kidole. Nikasoma tena: bomba liwe la chuma cha kaboni kilichovutwa baridi, lisilo na mshono, kipenyo cha milimita 38 na unene wa 2.5, au kipenyo cha 40 na unene wa 2. Mjomba alichukua kipande cha bomba la maji na kunionyesha kwa ndani mstari wa mshono unaopita kutoka mwanzo hadi mwisho. "Hili limekunjwa kama sambusa, likaunganishwa," alisema. "Likipata nguvu nyingi litafunguka hapa. Rudi Bujumbura, nenda Buyenzi."

Kwa msomaji asiyeijua Bujumbura, Buyenzi ni mtaa wa Waswahili na pia mtaa wa mafundi. Humo Kiswahili husikika kuliko lugha nyingine yoyote, na kipuri kisichopatikana Buyenzi ni vigumu kukipata popote nchini. Nilipanda Hiace alfajiri, tukaifuata barabara ya ziwani kupitia Minago, Magara na Kabezi, ziwa likiwa kushoto na milima kulia, tukapita Mugere penye jiwe la kumbukumbu ya Stanley na Livingstone waliofika hapo Novemba 1871. Buyenzi nilizunguka nikiwa na kalipa ya mjomba mfukoni, nikipima midomo ya mabomba na kuchungulia ndani yake, hadi mzee mmoja akaniuliza kama nanunua bomba au namchumbia binti. Jioni nilirudi Rumonge, bomba likiwa limefungwa juu ya paa la Hiace pamoja na magodoro na baiskeli.

Kazi ilichukua siku mbili. Nitaieleza kwa ufupi, kwa kuwa mwaka wa pili wote tulikuwa tunafundishwa kueleza utaratibu wa jambo na sikuwahi kuelewa kwa nini ni somo gumu. Mjomba alimkalisha mteja kwenye kiti chake, akapima urefu wa mabega, akatia alama kwenye upinde. Alikata bomba, akaimeng'enya miisho yake hadi ikakaa vizuri kwenye mviringo wa upinde, akachomelea kuzunguka pande zote, si juu na chini tu. Kamba za mabegani hakuzitobolea tundu kwenye bomba, maana tundu hupunguza nguvu ya bomba mahali hasa linapovutwa. Alizizungusha kwenye bomba kama kitanzi, akazipitisha kwenye pingili ya chuma yenye pau tatu, kisha akazirudisha tena kinyume kupitia pingili ileile ili zijibane zenyewe. Akaziweka karibukaribu, kwa kuwa zikiachana sana huteleza mabegani. Kamba za chini alizifunga sakafuni kwa bolti nene, na chini ya sakafu kila bolti ikaingia kwenye bamba la chuma la unene wa milimita 3 na eneo lisilopungua sentimita 40 za mraba, ili bolti isichomoke na bati la sakafu.

Mimi nilikuwa nimeketi kwenye tairi, karatasi mapajani, nikitafsiri sentensi moja moja. Nilijiona mtu wa maana. Kwa mara ya kwanza Kiswahili changu cha chuoni kilikuwa kinashika nyundo.

Mwishoni mteja aliomba kitu kimoja. Yeye Kifaransa chake ni cha kuombea maji, kama anavyosema mwenyewe, na ndugu yake ambaye angekaa kiti cha pili hakusoma. Aliomba nimwandikie kwa Kiswahili namna ya kujifunga, aibandike kwenye dashibodi. Ilikuwa karibu na magharibi. Niliandika kwa herufi kubwa: "Kwanza kaza mkanda wa tumbo. Kisha kaza mikanda ya mabega. Hakikisha kifungio kimelia." Mjomba akaifunika karatasi yangu kwa plastiki na kuibandika.

"Mkanda wa tumbo." Neno hilo nililitoa kwenye karatasi ya Kifaransa. Wao huuita sangle abdominale, na mwanafunzi yeyote wa mwaka wa pili anajua kuwa abdomen ni tumbo. Nilitafsiri sawasawa, neno kwa neno, na ningepewa alama zote.

Wiki tano baadaye kijana alikuwa akilijaribu gari kwenye barabara inayopanda kuelekea Bururi. Mvua ilikuwa imenyesha. Kwenye kona alimkwepa mtu mwenye baiskeli iliyojaa bidoni za mawese, gari likagonga ukingo wa mlima kwa mbele, likalala ubavu. Mwenye baiskeli hakuguswa. Nilikuwa nimesharudi chuoni. Mama ndiye aliyenipigia simu.

Nilipofika hospitali Jumamosi, mjomba alikuwa ameketi nje kwenye benchi. Alinieleza kwa mpangilio, kama anayekagua kazi. Upinde haukupinda. Bomba la katikati halikupinda. Hakuna bolti iliyotoka. Kichwa cha kijana kizima, mgongo mzima, mabega yana michubuko tu. Lakini alikuwa amepasuliwa. Utumbo ulikuwa umechanika, na tumboni, chini kidogo ya kitovu, palikuwa na alama nyeusi ya upana wa mkanda, kutoka upande hadi upande.

"Daktari ameuliza kwa nini mkanda ulikuwa pale," mjomba alisema. "Amejibu kwamba karatasi ilisema tumbo."

Hakusema zaidi. Na mimi sikusema kitu.

Usiku ule niliitafuta karatasi ya Kifaransa katika karakana. Ilikuwa bado chini ya kopo la grisi. Kwenye ukurasa wa tatu, chini ya mchoro wa mtu aliyeketi, palikuwa na maelezo ya mistari mitatu kwa herufi ndogo. Yalisema kwamba mkanda wa chini unapaswa kukaa kwenye mkunjo kati ya mfupa wa nyonga na paja, na kwamba kwa hali yoyote ile usikae juu ya tumbo. Niliyakumbuka maelezo yale. Nilikuwa nimeyaona mchana ule wa kazi. Yalinishangaza, kwa kuwa yalipingana na jina lenyewe: inakuwaje mkanda unaoitwa wa tumbo ukatazwe kukaa tumboni? Nilidhani sijaelewa vizuri, nikaona aibu kusimamisha kazi, nikaruka.

Hilo ndilo ninalotaka kuliandika hapa bila kulipaka sukari. Kosa langu halikuwa kutojua neno. Mtu asiyejua neno huuliza. Mimi nilikutana na sentensi iliyoniambia kwamba nimekosea, nikaichagua ile inayoniacha nionekane najua.

Baadaye, maktabani Bujumbura, nilisoma juu ya mikanda ya magari kama mtu anayesoma juu ya ugonjwa alioupata. Nyonga ni mfupa. Inaweza kupokea nguvu kubwa na kuipeleka kwenye mwili mzima. Tumbo halina mfupa mbele. Mkanda ukikaa pale, mwili unapokwenda mbele, mkanda hubana matumbo dhidi ya uti wa mgongo. Nikaona pia kwamba kosa hili lina umri. Magari mengi ya zamani yalikuwa na mkanda mmoja tu wa kukata katikati, kifungio kikiwa juu ya tumbo, na watu waliumizwa na kitu kilekile kilichowaokoa. Nils Bohlin, mhandisi wa Sweden aliyewahi kutengeneza viti vya marubani vya kurukia nje ya ndege, ndiye aliyeupatia ufumbuzi akiwa Volvo mwaka 1959: mkanda wa ncha tatu, mmoja ukipita kifuani na mwingine nyongani, kifungio kikiwa pembeni. Volvo iliacha watengenezaji wengine wautumie. Ndio uliomo katika kila Probox inayobeba abiria kati ya Rumonge na Nyanza-Lac, mara nyingi ukiwa umefukiwa chini ya kitambaa cha kiti.

Miongoni mwa magari ya kwanza kuwekewa mkanda huo ilikuwa Volvo PV544. Nilipomweleza mjomba, aliniacha nimalize kisha akaniuliza kama naijua historia ya PV544 katika Afrika Mashariki. Sikuijua. Akanieleza juu ya Joginder Singh wa Kenya, fundi kabla ya kuwa dereva bingwa, aliyeshinda Safari Rally ya mwaka 1965 pamoja na ndugu yake Jaswant, wakiendesha PV544 ya mkono wa pili iliyokuwa imeshatumika katika mbio zilizotangulia. Alishinda tena mwaka 1974 na 1976, safari hizo kwa Mitsubishi. Mjomba humpenda kwa sababu moja: "Alinunua gari lililochoka, akalirekebisha kwa mikono yake." Nadhani aliniambia habari hiyo ili nisikie neno kurekebisha.

Maana yeye hakunilaumu hata siku moja. Nilipomwomba msamaha alisema, "Mpwa wangu, mimi nikichomelea vibaya, sikai kulilia chuma. Nakata, nasaga, nachomelea upya." Kisha akakiri kosa lake mwenyewe, ambalo sikulijua. Mikanda ile ilikuwa na kamba nne tu. Ile ya mbio inayotakiwa ina kamba nyingine zinazotoka sakafuni, zikapita katikati ya mapaja hadi kwenye kifungio. Bila hizo, ukikaza kamba za mabegani, zenyewe zinakivuta kifungio juu, na mkanda wa chini unapanda kutoka nyongani kwenda tumboni. "Nililiona likipanda," alisema, "nikadhani ni kiti. Kwa hiyo hata ungeandika nyonga, mimi ningeupandisha." Sijui kama alisema hivyo kwa kuwa ni kweli tupu au kwa kunipunguzia mzigo. Ni kweli, nimeisoma baadaye. Lakini mzigo haugawanyiki namna hiyo. Kila mtu alibaki na wake.

Gari liliporudishwa karakanani, shoferi mmoja wa teksi aliiona mikanda ikiwa imetundikwa, bado inang'aa, akataka kuinunua. Mjomba alikataa. Akatoa pesa zaidi. Mjomba alichukua kisu na kuikata vipandevipande mbele yake. Nyuzi za mkanda uliokwisha kumzuia mtu katika ajali zimeshavutika. Kwa macho ni mzima, lakini hautazuia mara ya pili. Shoferi aliondoka akinung'unika kwamba mzee anaharibu mali. Vipande vile mjomba alikataa hata vitumike kufungia mizigo, asije mtu akavishona.

Miezi minne baadaye kijana alikuja, amekonda, akitembea wima kwa uangalifu. Alileta seti mpya, za kamba sita. Nilitamani kujificha nyuma ya mtungi wa gesi. Alinisalimia, akauliza masomo, kisha akasema, "Utaniandikia tena karatasi?"

Safari hii sikuanza na kamusi. Nilimwomba mjomba anionyeshe kwa mkono mkanda unatakiwa ukae wapi. Alijishika ule mfupa wa pembeni, mmoja kila upande. Nikamwuliza tunapaitaje. Alisema kiuno. Mteja alisema hapana, kiuno kiko juu zaidi, pale suruali inapofungwa. Fundi mwenzake alisema nyonga. Ndugu wa mteja alisema nyonga kwake ni huku chini kwenye paja, anapoumia mama yake akitembea. Tulikuwa wanaume watano, wote wasemaji wa Kiswahili tangu utotoni, na hatukukubaliana ni wapi mwili unaitwa nini. Kama ningeandika neno moja tu, lolote lile, mmoja wetu angejifunga vibaya.

Aliyetusaidia ni bibi yangu, mama yake mjomba, aliyekuwa amekuja kuleta chakula. Alisikiliza mabishano, akaweka sufuria chini, akatoa khanga ya begani na kujifunga kibwebwe, akakaza kwa kishindo kimoja. "Mnatafuta hapa?" aliuliza. Kibwebwe kilikuwa kimekaa chini ya tumbo, juu ya mifupa miwili, pale pale. "Mwanamke anayebeba mzigo wa mawese hafungi tumbo. Akifunga tumbo atapumuaje?"

Karatasi ya pili ni ndefu kuliko ya kwanza, na mwalimu wangu wa tafsiri angesema si tafsiri. Inasema: "Tafuta kwa vidole mifupa miwili ya nyonga, kulia na kushoto. Mkanda wa chini ukae hapo, panapofungwa kibwebwe. USIKAE TUMBONI. Ukaze kwanza. Kisha funga kamba za katikati ya mapaja. Kisha kaza za mabega. Tazama tena: mkanda wa chini umepanda? Fungua, anza upya." Chini yake nilichora mtu aliyeketi, nikaichora mifupa yake miwili kwa wino mwekundu.

Kabla ya kuibandika nilimpa yule ndugu wa mteja asiyesoma, nikamsomea mara moja, nikamwomba ajifunge bila kusaidiwa. Mkono wake ulikwenda kwanza kwenye mfupa, ukabonyeza, ndipo ukavuta mkanda. Mjomba alisimama mlangoni akitazama, kinyago cha kuchomelea kikiwa kimepandishwa juu ya paji la uso.

"Mwambie afungue," alisema. "Afanye tena."